Mwanangu aliandika deni la uongo kwa jina la bibi jirani. Nimfundisheje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina genge la mbogamboga na nafaka kidogo hapa Morogoro. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na jioni hunisaidia kuuza. Kwa muda mrefu hesabu ilikuwa haitimii. Nikimuuliza, ananionyesha daftari la madeni: huyu kakopa mchele, yule mafuta. Jina lililojirudia zaidi ni la bibi mmoja jirani yetu, mjane. Siku moja alikuja kununua nyanya nikamdai mbele ya wateja. Akasema hajawahi kukopa kwangu. Sikumwamini, akaondoka analia. Wiki iliyofuata nikamfuma kijana mwenyewe akiandika. Jumla ni shilingi 38,000, na amekiri kwamba alikuwa anacheza dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, na kununua chipsi na wenzake. Baba yake amemchapa sana. Mchungaji amezungumza naye. Hakutoa chozi, amekuwa kimya tu. Mjomba wake anasema tumpeleke bweni, kwenye shule yenye nidhamu kali. Nimemlea kanisani, sijui nimekosea wapi. Kijana kama huyu anafundishwaje maadili na kujali watu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pamoja. Umenieleza habari za pesa, za viboko, za mchungaji na za bweni. Yule bibi aliondoka analia, kisha hukumtaja tena. Hujaniambia kama kuna aliyemfuata. Kama hakuna, basi kumfundisha mwanao bado hakujaanza, hata kama mgongo wake una alama na masikio yake yamejaa mawaidha.

Elfu thelathini na nane ni pesa nyingi kwa genge, nalijua hilo. Lakini pesa hurudi. Mjane anayeishi mtaani peke yake, akiba yake kubwa ni jina lake. Kwa jina hilo anakopeshwa unga siku pesa ya mtoto wake wa mjini ikichelewa, na kwa jina hilo huitwa kusimamia jiko msibani. Siku ile jina hilo lilichafuka, na wateja waliosikia ukimdai hawajasikia habari ya pili. Mwanao alichukua pesa za mama yake, na hilo ni kosa ambalo nyumba inaweza kulimaliza yenyewe. Kuandika deni kwa jina la mtu asiye na wa kumtetea ni kosa zito zaidi, na nina shaka kama yeye analijua hivyo. Alitafuta jina ambalo halingemletea fujo, akalipata. Bibi mwenyewe, mwenye miguu na macho na njia ya kurudi nyumbani, sidhani kama alimwona.

Unauliza umekosea wapi. Mwanao anajua kabisa kwamba wizi ni dhambi. Mpe mtihani wa maadili leo, atapata alama zote. Jambo hili ni la zamani, tena limepimwa. Miaka ya 1920 huko Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima maelfu ya watoto wa shule kwa mitego midogo midogo: mtihani ambao mtoto anajisahihishia mwenyewe, sarafu ambazo angeweza kubaki nazo akidhani hakuna atakayejua. Matokeo walianza kuyachapisha mwaka 1928, na yaliwaumiza vichwa walimu na watu wa dini. Mtoto mwaminifu mahali pamoja aliweza kuwa mdanganyifu mahali pengine. Kujua lililo jema hakukutosha kumfanya alitende, na kuhudhuria mafunzo ya maadili hakukuleta tofauti kubwa. Mimi ni mtu wa ibada na sikuambii uache kumpeleka kanisani. Shuleni pia sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nami nimefurahi limewekwa. Ila mwanao hana upungufu wa maneno. Amekosa nafasi ya kuona uso wa mtu aliyemuumiza, na kufanya jambo kuhusu maumivu hayo.

Sasa viboko. Sitaki kumsema vibaya mumeo. Alipandwa na hasira kama baba anayeona nyumba yake inatiwa aibu, na mimi mwenyewe nilibeba fimbo miaka mingi kabla ya kuiweka chini. Lakini tazama viboko vilifanya nini. Kwa akili ya kijana wa miaka 14, hesabu imefungwa: nilikosa, nimechapwa, tumemalizana. Amelipa kwa ngozi yake. Baba ameshusha hasira zake. Bibi hakupata kitu. Huo ukimya unaoutaja huenda ndio maana yake, kwamba anaona hadaiwi tena.

Na kuna ubaya mwingine wa fimbo ambao ningependa mumeo ausikie wakati ametulia, labda baada ya chakula. Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha uchunguzi walioufanya Afrika Magharibi, kwa watoto wadogo wa miaka mitatu na minne wa shule mbili. Moja ilichapa kwa makosa madogo madogo, nyingine haikuchapa. Mtoto aliachwa peke yake na kitu kilichofichwa akaambiwa asichungulie, na watoto ni watoto, wengi walichungulia. Walipoulizwa, wa shule ya fimbo walidanganya zaidi kuliko wenzao. Tena walidanganya kwa ustadi, wakajua kuuficha uongo wao hata walipohojiwa zaidi. Fimbo iliwafundisha kujificha. Mwanao ametunga madeni kwa mwezi mzima au zaidi, na tarehe, na kiasi, na majina yanayolingana na watu wa mtaa. Huo ni ustadi. Ukiongeza fimbo, utauongeza na ustadi.

Nina swali moja ambalo naomba ulijibu moyoni mwako, huna haja ya kuniandikia. Mtu wa marejesho ya mkopo akija kugonga na wewe huna hela, huwa unamwambia mtoto akajibu nini? Katika nyumba nyingi nilizotembelea nikiwa mwalimu wa malezi, jibu lilikuwa lile lile: "Mwambie sipo." Mtoto anatoka, anamtazama mtu mzima machoni, anatamka uongo aliotumwa, anarudi ndani na kuambiwa ahsante. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu jambo linalofanana na hili: watoto waliodanganywa na mtu mzima kwanza, kuhusu pipi tu, ndio waliokuwa wepesi zaidi kukiuka walichokatazwa na kisha kukana. Hao walikuwa wa umri wa kuanza shule, na tayari waliangalia wakubwa wanafanya nini. Wako ana miaka 14 na amekuona miaka yote 14. Sisemi wewe ndiye uliyemfundisha kuandika lile daftari. Nasema kuanzia wiki hii mtu wa marejesho aje akukute, umwambie "leo sina, njoo Ijumaa," na kijana awepo akisikia. Itakugharimu aibu kidogo. Ataiona.

Kuhusu bweni, jibu langu ni hapana, angalau kwa sasa. Zipo shule za bweni nzuri, na nimewafundisha vijana waliotengenezeka huko. Lakini alichokivunja kiko mtaani kwenu, hatua chache kutoka gengeni. Ukimpeleka mbali, unamwondoa kwa mtu pekee anayeweza kumfundisha somo hili, na unamwonyesha kwamba ukimkosea jirani, dawa ni kuhama.

Nije kwenye kazi, maana hapa pana mengi ya kusema.

Miaka ya nyuma nilikuwa mwalimu wa zamu kwenye shule moja ya msingi. Wachelewaji niliwapa choo cha kudeki, wapiga kelele nikawapa nyasi za kufyeka. Kila mwalimu alifanya hivyo. Jumamosi moja nilimwambia binti yangu, naye alikuwa anasoma shule hiyo hiyo, akadeki choo cha nyumbani. Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa: "Mama, nimekosa nini?" Swali hilo sijalisahau. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, kwa mikono yangu, kwamba kuwasafishia watu mahali wanapotumia ni adhabu. Kizazi kizima tumekifundisha hivyo, kisha tunashangaa kijana anatupa taka chini huku pipa liko hatua tatu mbele.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakukusudia jembe liwe fimbo ya pili. Shamba la shule lilipaswa kuwa la wanafunzi: wapange wenyewe nini kipandwe, waone mavuno, waamue pamoja faida ifanye nini, na wabebe hasara wakilizembea. Mahali pengi tulibakiza jembe, tukayaacha yale ya kupanga na kuamua. Mtoto akalima asichokijua kinakwenda wapi. Kazi ya namna hiyo haimfundishi mtu kuwajibika hata akilima ekari mia.

Kinachofundisha ni kazi yenye mtu anayeitegemea. Shuleni hapo hapo kulikuwa na mvulana wa darasa la sita, mtoro na mchelewaji sugu, na tulishamchapa mpaka tukachoka sisi. Siku moja nikampa kengele. Ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, na ndiyo iliyoendesha shule nzima. Wiki ya pili akasahau kuipiga saa nne, yuko nyuma ya stoo anacheza mpira. Uji ukapoa. Darasa la kwanza wakakaa ndani na njaa yao, na walipotoka hatimaye wakapita mbele yake wakimwangalia. Hakuna aliyemgusa. Nilimuuliza tu kama amewaona wale wadogo. Akasema amewaona. Sikuambii akawa malaika, maana alisahau tena muhula ule ule. Lakini kuchelewa asubuhi kuliisha, na siku aliyoumwa alimtuma mdogo wake mbio aje aniambie nitafute mtu wa kengele.

Sasa mtazame mwanao. Anakusaidia gengeni, sawa, lakini nani anamtegemea? Wewe upo daima nyuma yake. Wadogo zake wanakutegemea wewe. Mtaani hana zamu yoyote. Nina hakika msiba ukitokea jirani, anabaki nyumbani kwa sababu "anasoma." Hili linaniuma kuliko unavyodhani. Zamani kijana wa umri wake alijua kupanga mabenchi, kuchota maji, kukesha na wafiwa, na aliyefika umri alishika sululu. Siku hizi turubai linakodiwa na viti vyake, wapishi wanalipwa, na vijana wanasamehewa kila kitu kwa ajili ya mtihani. Tumewasamehe mno. Mtoto anayesamehewa msiba wa jirani kwa miaka kumi hawezi kuamka siku moja akajua kwamba jirani ni mtu.

Hata sheria yetu haikuwaacha watoto nje ya jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo wengi tunaikumbuka kwa haki tu, inataja pia wajibu wa mtoto: kufanya kazi kwa ajili ya umoja wa familia, kuwaheshimu wakubwa na kuwasaidia wanapohitaji, kuitumikia jamii kwa kadiri ya umri na uwezo wake.

Kwa hiyo nakushauri umrudishe gengeni, usimfukuze. Najua utashtuka. Usimwachie pesa peke yake kwa sasa, hilo lingekuwa kumtega. Lakini kila jioni fungeni hesabu pamoja, yeye akiandika na wewe ukihesabu, ili azoee kuona namba zikikubaliana na moyo wake ukiwa mweupe. Deni la 38,000 alilipe mwenyewe. Mpangie kazi ya Jumamosi yenye ujira, tuseme 3,000 kwa siku, kwenda sokoni na wewe alfajiri, kubeba, kupanga, kuuza. Itachukua Jumamosi 13. Msipunguze. Baba yake asimlipie kwa huruma katikati, na wewe usimkumbushe kosa kila Jumamosi. Anajua kwa nini yuko pale. Siku akimaliza, mwambie kwamba amemaliza, na mdomo wako usilirudie tena hata mkigombana.

Na msimwaibishe. Asipigwe picha ya kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, asisimamishwe mbele ya genge kama kielelezo, asiitwe mwizi mbele ya wadogo zake. Kijana aliyepewa jina hilo mbele ya watu hana sababu tena ya kulikimbia.

Lipo pia dubwi. Mchezo wa kubahatisha ni marufuku kwa walio chini ya miaka 18, na mwenye mashine anajua. Aliona sare ya shule, akaona sarafu za 200 zikitumbukia, akanyamaza. Huyo naye ana wajibu kwa jamii, tena ni mtu mzima. Nenda na mumeo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtafute na wazazi wa wale wenzake wa chipsi, maana hesabu zao pia huenda hazitimii. Mwanao akiona mnawabana vijana tu na watu wazima wanaachwa, atajua kwamba maadili ni mzigo wa wanyonge. Akiendelea kuchezea pesa baada ya haya yote, au huo ukimya ukizidi mpaka akaacha kula na kulala, usingoje. Zungumza na mwalimu wa malezi shuleni kwake au afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Narudi kwa bibi, kama nilivyoanza.

Kabla hamjakwenda, zungumza na kijana. Usimketishe kitini kama mahakamani. Chambueni maharage pamoja, au tembeeni, kwa sababu vijana wa umri huo husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Usimwambie alivyo mbaya. Muulize kuhusu bibi. Siku ile alipotoka gengeni alipita wapi? Nani walikuwa wamesimama pale? Nyumbani kwake alimkuta nani wa kumsimulia? Akiishiwa chumvi leo, ataweza kuja kwetu? Kisha unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Martin Hoffman, aliyechunguza malezi kwa miaka mingi, aliona kwamba wazazi wanaomwelekeza mtoto kutazama alichomfanyia mwenzake ndio ambao watoto wao hubaki na dhamiri hata pasipo mtu wa kuwalinda. Fimbo na vitisho havikutoa matunda hayo. Ndicho kitu unachokitafuta, mwanangu: kijana ambaye atakuwa mwaminifu daftari likiwa mikononi mwake na wewe umekwenda sokoni.

Mchungaji wako anaweza kusaidia hapa kuliko kwa mahubiri. Amkumbushe Zakayo, ambaye hakuishia kusema nimetubu, alisema atarudisha mara nne. Jirani yako Mwislamu atakuambia vivyo hivyo, kwamba toba ya haki ya mja haikamiliki mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake au asamehe mwenyewe.

Nendeni wote watatu, wewe, mumeo na kijana, jioni ambayo bibi hana wageni. Wewe anza. Hili ndilo gumu zaidi katika barua yangu yote, na ndilo ninalokuomba usiliruke: wewe pia unadaiwa. Mtoto aliandika uongo, lakini aliyemdai bibi mbele za watu ni wewe, na aliposema kweli hukumwamini. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, mwanao akiwa amesimama pembeni anasikia mama yake akiomba radhi kwa mtu asiye na cheo. Kisha yeye aseme yake. Usimtungie maneno. Akisema machache na vibaya, yatakuwa yake.

Bibi anaweza kulia tena, anaweza kukasirika. Ana haki. Akikataa kusamehe siku hiyo, msimbembeleze, ondokeni kwa heshima mrudi wiki nyingine. Akikubali, kijana amuulize kama kuna kazi ya nyumbani kwake anayoweza kumfanyia kila wiki, na bibi achague mwenyewe iwe maji, kuni au kumsomea ujumbe wa simu. Mumeo asimame katika hilo, kijana akiacha kwenda amuulize yeye.

Na siku inayofuata, saa ya wateja wengi, mkaribishe bibi gengeni, kwa sababu jina lilichafukia pale. Waambie waliopo kwamba bibi hakuwahi kudaiwa hapa hata senti moja, kosa lilikuwa la nyumba yako. Jina la kijana usilitaje mbele yao. Daftari mlimalize ninyi wenyewe baadaye, bibi akiwa amekaa nanyi ndani. Ile mistari yenye jina lake usiichane. Ikateni kwa wino, mmoja mmoja, na mbele ya kila mmoja kijana aandike jina lake mwenyewe.